Sura ya Saba: Gari Lililoongezwa Nguvu na Mnunuzi Mwenye Shaka

"Mjomba, mimi nimetia laki tisa katika gari hili, na yule bwana ananipa bei ya gari ambalo halijaguswa, tena akipunguza. Hii ni insafu?"

Swali hili aliniuliza mpwa wangu jioni moja barazani kwetu Mombasa, gari lenyewe limeegeshwa mbele yetu, la buluu, limeoshwa hata likang'aa. Wala hakuwa wa kwanza kuniuliza, kwani katika miaka niliyokaa na mafundi na wenye magari sijaona swali linalorudiwa zaidi ya hili, na wanaoliuliza si wajinga, bali ni watu wenye kujua hesabu, ambao mambo yao mengine yote huyatia katika mizani kabla ya kuyatenda. Sura hii nimeikusudia kulijibu kwa utulivu, kwa sababu nimewaona vijana wengi wakiuza kwa hasira kitu walichokijenga kwa mapenzi, na hasira, katika biashara, humgharimu muuzaji kuliko mnunuzi.

Gari tunalolizungumza

Sedani ni gari la milango minne ambalo buti lake limetengwa na nafasi ya abiria. Na sedani ya mbio ni ile ambayo kiwanda, chini ya umbo hilo la kifamilia, kimetia injini, breki na springi zenye uwezo kupita haja ya mtu wa kwenda kazini na kurudi. Ziko za namna nyingi katika barabara zetu, lakini mimi nitashika mfano mmoja tu, Subaru Impreza WRX STI, kwa kuwa ndiyo ya mpwa wangu, na kwa kuwa hakuna gari ambalo vijana wa Kenya wameliongeza viungo zaidi ya hilo. Impreza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992, na mwaka 1997 Colin McRae alishinda nayo Safari Rally katika vumbi na matope ya nchi hii, mbele ya watoto waliosimama kando ya barabara na ambao leo ni watu wazima wenye mishahara. Basi asishangae mtu kuona rangi ile ya buluu na rimu zile za dhahabu zikitafutwa mpaka hivi sasa.

Injini ya gari hili ina silinda nne, lakini pistoni zake hazikusimama kama za magari mengine. Zimelala ubavu, mbili upande huu na mbili upande ule, na kwa hiyo uzito wa injini unakaa chini karibu na ardhi. Juu yake pana tabo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi utokao katika injini, nacho kwa mzunguko huo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ambayo injini ingeivuta yenyewe. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidishwa, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Maneno haya mawili, hewa na petroli, msomaji ayaweke moyoni, kwani mambo yote yafuatayo yanayazunguka.

Iko habari moja zaidi ambayo muuzaji anapaswa kuijua kabla ya kutaja bei. Injini ya lita mbili iliyobeba sifa ya STI nchini Japani, iitwayo EJ20, iliagwa na kiwanda kwa toleo la mwisho la magari 555 lililotangazwa mwaka 2019, na mwaka 2022 kiwanda kikatangaza kwamba umbo jipya la WRX halitatolewa STI ya injini ya mafuta. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwenye kuyaunganisha mambo haya mawili ataona kwamba mlango unafungwa polepole, na kwamba yaliyomo nchini ndiyo yatakayobaki. Na katika yaliyomo, lililo safi na lenye historia inayosomeka litapanda thamani, ilhali lililochokorwa pasi na kumbukumbu litateremka.

Kwa nini fedha hairudi

Mtu akienda kwa fundi akashonesha kanzu kwa kipimo cha kifua chake na urefu wa mikono yake, akachagua tarizi ya shingoni kwa matakwa ya jicho lake, kisha mwaka wa pili akataka kuiuza, mnunuzi hatalipa ujira wa fundi wala uzuri wa tarizi. Atatazama kitambaa, atajipima, na pengine atauliza ni kiasi gani kuifumua. Hivyo ndivyo ilivyo nyongeza ya gari. Kiungo kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani kinafuata tabia ya aliyekifunga: huyu anapenda springi ngumu, yule ana mgongo unaouma, huyu anapenda ekzosi ingurume, yule ana mtoto mchanga na jirani mzee.

Tulikaa mimi na mpwa wangu na daftari, tukaandika alivyotumia:

- Rimu na tairi: 180,000
- Ekzosi nzima: 120,000
- Tabo kubwa: 250,000
- Springi na shokomzoba: 160,000
- Injekta na pampu ya petroli: 90,000
- Kupanga upya kompyuta ya injini: 60,000
- Ujira wa fundi: 40,000

Jumla ni laki tisa, kama alivyosema. Nikamwomba aweke alama kwenye kila kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukifungua kutoka katika gari hili na kukifunga katika la kwake. Ujira wa fundi ulitoka mara moja, kwani umekwisha siku uliyolipwa. Kupanga kompyuta kukatoka, kwani mpango ule ni wa gari hili peke yake. Injekta zilizotumika, nani atazinunua kwa bei ya maana? Tukabaki na rimu, springi na shokomzoba, tabo na ekzosi, vyote vikiwa vimetumika. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nikinunua furaha." Nikamwambia ndiyo, na furaha ile aliipata, miaka mitatu mizima, wala si haki kumdai mnunuzi ailipe furaha ambayo mwingine amekwisha kuila.

Kile anachokiogopa mnunuzi

Walakini hili la kanzu halielezi jambo zima. Lingekuwa ni suala la ladha tu, mnunuzi angelipa bei ya gari lisiloguswa na kuzichukua nyongeza kama hidaya. Kwa nini basi anapunguza? Anapunguza kwa sababu anaogopa, na khofu yake ina msingi, nami nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa muuzaji asiyeifahamu khofu hiyo hawezi kuiondoa.

Ndani ya silinda, petroli na hewa hutakiwa kuwaka kwa cheche ya plagi, mwako ukienea kwa taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Shinikizo na joto vikizidi, sehemu ya mchanganyiko huo hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na mwako, na mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo. Uwezo wa petroli wa kustahimili shinikizo bila kulipuka hivyo hupimwa kwa hesabu iitwayo oktani. STI za Japani zilipangiwa petroli bora ya kwao, ambayo oktani yake ni karibu na 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa hiyo gari hili, hata likiwa halijaguswa, linaishi nchini kwetu likiwa limepungukiwa na hadhari ambayo wahandisi wake waliliwekea. Mtu akija akaliongezea hewa juu ya hayo, huku limewekewa mpango wa kompyuta na mtu asiyejua kazi, amelipeleka ukingoni.

Chukua mfano wa ekzosi, ambayo vijana huiona kuwa nyongeza isiyo na madhara. Bomba la kwanza litokalo kwenye tabo limetiwa kichujio cha moshi, na kichujio hicho huuzuia moshi kidogo. Bomba hilo likibadilishwa na jingine lililo wazi, moshi hupita upesi, tabo huzunguka kwa kasi zaidi, na hewa huongezeka ndani ya injini kupita kiasi kilichokusudiwa, hata kama hakuna mtu aliyeshika kompyuta. Petroli isipopangwa upya ifuate hewa ile, mchanganyiko huwa mkavu, joto hupanda, na pistoni hupasuka pale kwenye kingo nyembamba zinazoshika ringi. Gari litaendelea kwenda, na kwa nje litang'aa kama la mpwa wangu; bali kwa ndani linakunywa oili na kupoteza nguvu.

Na oili ndiyo khofu ya pili. Injini hizi hutumia oili, na tabo huifanya iwe moto. Mwenye kusahau kuvuta kijiti cha kupimia kila baada ya siku chache, au mwenye kupiga kona kali huku oili imepungua, huziacha beringi za konrodi, yaani vyuma laini vinavyobeba mikono ya pistoni, zikisagana bila ya utando wa oili katikati. Mafundi wetu husema "injini imenoki", na mwenye Subaru akilisikia neno hilo hubadilika rangi.

Kwa ufupi, basi: mnunuzi akiona tabo kubwa, haoni nguvu iliyoongezwa. Anaona hadhari iliyotumika, na anakata katika bei gharama ya injini ambayo yamkini ataihitaji.

Vya kuvua na vya kuacha

Hapa ndipo wengi hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Wako wanaouza gari zima kama lilivyo, wakitumaini kumpata mtu mwenye ladha sawa na yao. Na wako wanaong'oa kila kitu kwa pupa, wakafunga vya asili vilivyokuwa stoo, wakadhani wamelirudisha gari ujanani. Hawa wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Injekta kubwa, tabo na mpango wa kompyuta ni ndugu watatu waliofundishwa kusemezana. Ukimwondoa mmoja ukawaacha wawili, gari litapewa petroli kwa hesabu ya kiungo kisichokuwepo. Ama uvirudishe vyote pamoja na mpango wa asili wa kompyuta, kwa mkono wa fundi anayejua, ama uviache vyote mahali pake.

Vilivyo nje ya injini havina mashaka hayo. Rimu hufunguliwa kwa nusu saa, na hulipwa vizuri na mwenye gari kama lile, ila muuzaji achunge: mpaka mwaka 2004 nati tano za gurudumu la STI zilikaa katika mzunguko wa milimita 100, na kuanzia mwaka 2005 zikahamia 114.3, kwa hiyo rimu za gari moja hazitaingia katika la pili ingawa kwa jicho ni pacha. Kile kifaa cha kutoa hewa ya tabo kwa sauti ya kupumua, vijana wanachokipenda mno, kivuliwe bila kujuta, kwani kompyuta ilikwisha kuihesabu hewa ile kuwa inakwenda katika injini, na ikitolewa nje injini hupewa petroli ya ziada kwa kitambo. Stika, taa za rangi na mita za kubandika zivuliwe pia. Breki bora ziachwe. Sijapata kumwona mnunuzi aliyelalamika kwamba gari linasimama upesi.

Vya asili vyote vilivyohifadhiwa, hata boliti, vitiwe katika maboksi na vionyeshwe. Boksi la viungo vya asili lina thamani kuliko rimu za dhahabu, kwa kuwa humwambia mnunuzi kwamba aliyekuwa na gari hili alikuwa mtu wa kuweka vitu.

Ushahidi unaoondoa shaka

Sheria ya dini ya Kiislamu, ambayo kwayo watu wa pwani walifanya biashara karne nyingi kabla ya kuwapo ofisi za kusajili magari, humtaka muuzaji aidhihirishe aibu ya bidhaa yake, na humpa mnunuzi hiari ya kuirudisha akigundua aibu iliyofichwa. Wako wanaoliona hilo kuwa ni zigo juu ya muuzaji. Mimi, baada ya kushuhudia mauzo mengi, naliona kuwa ni msaada kwake, maana aibu iliyotajwa na muuzaji ina bei yake maalumu, lakini aibu inayoshukiwa haina mpaka, na mnunuzi huikadiria kwa ukubwa wa khofu yake.

Ushahidi wenye nguvu kwa gari la namna hii ni huu. Kwanza stakabadhi, zilizopangwa kwa tarehe: oili ilibadilishwa lini, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, nani alipanga kompyuta na kwa petroli ya namna gani. Pili, kipimo cha mgandamizo wa silinda: fundi huzitoa plagi, hufunga mita katika kila silinda, huzungusha injini, na kuandika hesabu nne. La kutazamwa zaidi ni usawa wa hesabu hizo. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, kuna jambo. Kipimo hicho kifanywe na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, wala muuzaji asikatae.

Tatu ni jambo ambalo wachache wanalijua, nami lilinipendeza nilipofundishwa. Kompyuta ya gari hili ina sikio, kihisi kinachosikiliza milipuko ile ya nyundo ndani ya injini. Na kwa kadiri inavyoisikia au kutoisikia, hujiwekea hesabu ya imani yake juu ya petroli na mpango iliopewa. Katika matoleo ya zamani hesabu kamili ni 16, na katika ya baadaye ni 1. Fundi mwenye kifaa cha kusomea huitoa kwa dakika chache. Ikisimama kamili baada ya safari ndefu ya mwendo wa kweli, injini yenyewe imetoa ushahidi kwamba haipigwi nyundo. Ikiwa imeshuka, basi muuzaji na aende gereji kabla ya kwenda sokoni. Mpwa wangu alisafiri mpaka Voi na kurudi, wakaisoma, ikawa 1. Aliipiga picha, na picha hiyo ilimfaa kuliko picha zote alizokuwa amelipigia gari lenyewe machweo ufuoni.

Logibuku na injini iliyobadilishwa

Subaru nyingi zilizonoki hapo nyuma zimekwisha kutiwa injini nyingine, zilizoletwa kuukuu kutoka Japani na kuuzwa katika maduka kama ya Kirinyaga Road, Nairobi. Si aibu, madhali imeandikwa. Nambari ya injini iliyo ndani ya gari lazima ilingane na iliyo katika logibuku, yaani hati ya kusajiliwa, na kadhalika rangi. Kilichobadilishwa kisiporekebishwa katika mamlaka ya usafiri, NTSA, mnunuzi mwenye akili ataondoka, na asiye na akili atarudi baadaye na wakili.

Tena kuna desturi mbaya ya kuuza gari na kumwachia mnunuzi alibadilishe jina atakapopenda. Sheria ya barabarani ya Kenya humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike vinginevyo. Gari lenye nguvu namna hii, mikononi mwa kijana aliyelipata jana, likifanya ajali usiku, mlango utakaogongwa ni wa yule ambaye jina lake limo katika hati. Ombi la kuhamisha umiliki lianzishwe na muuzaji, likubaliwe na mnunuzi, na fedha zipite benki, kabla ya funguo kubadilisha mkono.

Siku ya mnunuzi

Mnunuzi alikuja Jumamosi kutoka Nakuru, mtu wa makamo, mpole, ameambatana na fundi wake. Nilikuwa nimemwonya mpwa wangu asiiwashe injini tangu usiku, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha sauti nyingi, na fundi anayejua kazi huweka kiganja juu ya boneti kabla hata hajasalimu. Ndivyo alivyofanya huyu. Akaiona baridi, akamtazama tajiri wake, na mimi nikajua kwamba nusu ya mazungumzo imekwisha.

Kabla hawajauliza, mpwa wangu akawaambia, "Mwaka juzi silinda ya tatu ilipasua pistoni. Nilifungua injini yote, nikatia pistoni mpya nne na beringi mpya. Stakabadhi hizi hapa." Nilimwona anatetemeka kidogo, maana alidhani anajichimbia kaburi. Fundi alizisoma zote, akazipima silinda, akatia kifaa chake katika kompyuta. Kisha wakatoka kwenda kulijaribu, mwenyewe akikaa kiti cha mbele cha abiria na kitambulisho cha mnunuzi kikiwa kwangu mimi, kwani gari lenye mbio halitolewi kwa mtu usiyemjua peke yake.

Bei waliyokubaliana ilikuwa ya gari lisiloguswa, na laki moja juu yake. Rimu mpwa wangu alikuwa amekwisha kumuuzia mwenzake kwa 110,000, akarudisha za asili. Katika laki tisa, basi, zilirudi laki mbili na elfu kumi, na yule bwana wa kwanza alikuwa anataka kukata laki moja na nusu chini. Mpwa wangu alizipiga hesabu hizo mbele yangu bila kinyongo.

Ujumbe wa benki ulifika, na uhamisho wa jina ukakubaliwa kwa simu tukiwa pale pale barazani. Wakapakia maboksi mawili ya viungo vya asili katika buti. Mpwa wangu alikuwa na ufunguo mkononi; akausogeza kama anayetaka kuutoa, kisha akarudi, akafungua boneti, akavuta kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, akakiinua kwenye mwanga, akamwonyesha yule bwana mahali utando wa oili uliposimama, na mahali usipopaswa kushuka chini yake; kisha akakirudisha, akafunga boneti kwa viganja viwili, ndipo akampa ufunguo.